Kinyozi na Ua la Mkewe

Kinyozi mmoja alikuwa na mke, na mke alikuwa na ua. Kinyozi aliitwa Mbaruku, mke aliitwa Mwanaheri, na walikaa Muheza, nyuma ya soko la machungwa. Nitawasimulia habari yao. Nanyi mnaopenda kucheka, chekeni mapema mmalize, kwa sababu huko mbele sioni cha kuchekesha.

Mbaruku alikuwa mtu mwema. Nalisema hili mwanzoni ili msije mkamtwika ubaya asiokuwa nao. Hakulewa, hakumpiga mkewe, hakulala nje. Akitoka kazini alileta alichoagizwa, na asipoagizwa alileta pia. Kasoro yake ilikuwa mkononi. Mtu aliyeshika mkasi tangu ujana hawezi kuona kitu kimechomoza akakiacha. Uzi ukining'inia kwenye kanzu ya mgeni, aliukata. Jani la mgomba likichanika, alilikata. Watu walimpenda kwa hilo, kwa sababu mtu aliingia kibandani kwake amechakaa akatoka nadhifu. Na nyumbani hali ilikuwa hiyo hiyo. Mwanaheri akianza kusimulia jambo, Mbaruku alilimalizia. Mwanaheri akisema kichwa kinamuuma, Mbaruku alikuwa ameshajua sababu yake na dawa yake. Hakufanya hivyo kwa dharau. Mwenyewe aliona anamsaidia.

Ua lile lilitoka kwa mama yake Mwanaheri, aliyekaa juu milimani, upande wa Amani. Mama yule alilipata kwa mtu mmoja aliyekuwa akimfulia nguo, akalipandisha dirishani mwa chumba chake, nalo likatambaa hata likawa kama pazia. Alipofariki, ndugu zake waliuza nyumba. Kabla funguo hazijakabidhiwa, Mwanaheri alikata kitawi kimoja, akakifunga kwa kitambaa kilicholowa, akashuka nacho Muheza amekipakata. Akakipanda katika kopo la maziwa alilolitoboa chini, akaliweka kwenye dirisha la sebule linaloingiza mwanga mwingi na jua la asubuhi peke yake.

Lilikuwa na majani manene yanayong'aa, kana kwamba mtu ameyapaka mafuta. Mwanaheri alilifungia nyuzi kwenye nondo za dirisha ili lipate pa kushika. Alilimwagilia pale tu udongo ulipokauka, akaingiza kidole asiguse unyevu, kwa sababu majani ya namna ile huweka maji yake yenyewe, na mizizi ikikaa kwenye tope huoza. Hakulihamishia kwenye chombo kikubwa, kwa sababu ua lile hutulia mizizi yake ikibanana. Haya yote aliyajua kwa kumtazama mama yake tangu utoto. Kwa miaka kadhaa halikuchanua hata mara moja. Mbaruku alilipita kila siku akienda kazini, akalizoea, akawa analiita mboga ya mama Shufaa. Shufaa ndiye binti yao, aliyekwisha kuolewa.

Kisha mwaka mmoja, mvua za vuli zilipokwisha, likachanua. Juu ya kikonyo kimoja kifupi, kisicho na jani, palitokea kishada cha nyota ndogo nyeupe, katikati yake wekundu, laini hata ungedhani zimefinyangwa kwa nta. Kila nyota ilikuwa na tone la asali. Mchana halikunukia. Jua lilipozama harufu ilianza, ikajaa nyumba nzima, na Mwanaheri akakaa chini akalia, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya chumba cha mama yake. Siku mama yule alipokata roho, dirisha lake lilikuwa limechanua. Na kabla ya kukata roho alimwambia Mwanaheri jambo. Mwanaheri hakuwa amemwambia mtu yeyote jambo hilo. Lilikuwa zito kwake, alilibeba peke yake miaka yote ile, na jioni hiyo aliona wakati umefika wa kulitua mbele ya mumewe.

Akatandika mkeka, akaweka kahawa, akamngoja. Mbaruku alipoingia alinusa, akafurahi kweli. Wakaketi. Mwanaheri akaanza kusema habari ya mama, siku ile ya mwisho. Hakufika mbali. Mbaruku alidakia kwamba Mungu amrehemu, mama yule alikuwa mtu na nusu, na anakumbuka alivyompokea siku ya posa. Akaingia kwenye habari ya posa. Aliisimulia vizuri, pamoja na jinsi alivyojikwaa kizingitini mbele ya wazee, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Baadaye akala, akalala. Mwanaheri hakumchukia. Alijiambia kwamba ua litachanua tena, na safari hiyo atamwomba mumewe anyamaze kwanza, kisha atamwambia yote. Alimwambia hivyo pia mdogo wake, Hadia, aliyeolewa Pangani.

Sasa sikilizeni tabia ya ua hili. Nyota zake hudondoka, lakini kikonyo kilichozibeba hakidondoki. Hubaki pale uchi, kama kijiti kilichokufa. Mwaka unaofuata nyota hutoka juu ya kikonyo kile kile, na mwaka wa baada yake vivyo hivyo. Ukikiondoa, umeondoa maua ya miaka yote iliyokuwa inakuja, nawe utasubiri sana kabla mmea haujakubali kuotesha kingine. Tena ua hili hutoa nyuzi ndefu zisizo na majani, zinazopapasa hewani zikitafuta pa kushika. Majani huja baadaye sana. Kwa asiyejua, kikonyo ni takataka na nyuzi zile ni takataka. Mwanaheri alijua. Kila alipofungua dirisha asubuhi alikigusa kikonyo chake kwa ncha ya kidole, ndipo akaenda kuwasha moto.

Mwaka ulipokaribia kuzunguka, Hadia alijifungua kwa upasuaji, na Mwanaheri ikambidi aende Pangani kumwuguza. Alimchukulia mdogo wake kitawi cha lile ua, kwa kuwa naye alikuwa mtoto wa mama yule yule. Kabla ya kuondoka alimketisha mumewe amweleze namna ya kulitunza lililobaki. Alimwambia asilimwagilie mpaka udongo ukauke. Mbaruku akasema ameelewa, asiwe na wasiwasi, kwani kumwagilia maua ni kazi ya kusomea? Akainua mkoba wa mkewe, akatangulia nje. Mwanaheri alikuwa bado hajafika kwenye habari ya kikonyo.

Mbaruku alibaki peke yake, akamkumbuka mkewe mno. Hakuwa na hamu ya chakula. Alijikuta anabishana na redio. Usimwone mtu anaongea sana ukadhani hahitaji mtu. Akawaza ni jambo gani atakalofanya ili Mwanaheri akirudi afurahi kuliko alivyowahi kufurahi. Macho yake yakatua dirishani. Akakumbuka ile jioni ya harufu nzuri na uso wa mkewe ulivyokuwa, akaamua moyoni kwamba Mwanaheri atalikuta ua limechanua tele. Hilo lilikuwa wazo la mapenzi. Wala silidhihaki.

Kesho yake akalizungumza kibandani. Wateja wakamletea kila mmoja lake. Mzee Semkiwa, mwenye shamba la michungwa, aliyekuwa kitini na povu kidevuni, alisema kutokana na maelezo hayo huo ni mmea wa kunyonya wenzake na siku moja utakula ukuta. Mwalimu Mhina, mstaafu, hakukubali. Alifuatana na Mbaruku mpaka nyumbani wakati wa chakula, akalipiga picha kwa simu yake, akangoja, kisha akasoma kwa sauti yake ya darasani.

"Hoya," alisema. "Asili yake ni Asia. Linapenda joto, na mwanga usio wa jua kali."

Akaendelea kusoma mstari mmoja au miwili. Lakini walikuwa wameshatoka barazani, akapita mtu akauliza habari ya mpira wa Jumamosi, simu ikarudi mfukoni. Mbaruku aliridhika. Sasa alilijua ua kwa jina, tena jina la kwenye vitabu, na alilitamka siku nzima kwa kila aliyeketi kwenye kiti chake. Namna ya kulitunza aliichukua kwa mzee Semkiwa, kwa kuwa ndiye mkulima. Mzee alimwambia mti usiozaa huondolewa matawi makavu, ukapewa udongo mpya, mbolea na maji ya kutosha. Kwa michungwa yake alisema kweli.

Basi Mbaruku akanunua chungu kikubwa kilichopakwa rangi ya buluu. Akachanganya udongo na samadi. Akalikata kopo la maziwa ubavuni, akaitoa ile mizizi iliyokuwa imekumbatiana, akaipanua kwa vidole kama anavyochambua nywele zilizosokotana, akaipanda upya na kuinywesha mpaka maji yakatiririka sakafuni. Kisha akachukua mkasi wake wa kazi, ule mzuri, akaupangusa kwa spiriti. Alianza na zile nyuzi ndefu. Zote zikaanguka. Akafika kwenye kikonyo. Kilikuwa kimeanza kuvimba nchani, kimetoa vipele vidogo vya kijani, vinalingana na punje za uwele. Akavitazama kwa karibu. Akadhani ni ugonjwa, akashukuru kwamba ameuwahi.

Alipomaliza alirudi nyuma hatua chache, akainamisha kichwa upande, kama anavyofanya mteja akishavuliwa kitambaa. Lilipendeza. Ndugu zangu, lilipendeza kweli kweli, na hilo ndilo linaloniumiza kila ninapoisimulia habari hii. Hapakuwa na kijani kilichopinda wala kijiti kilichotokeza. Mtu yeyote aliyeingia angesema nyumba hii ina watu wanaojali.

Mwanaheri akarudi. Mbaruku alimpokea mlangoni, akamshika mkono, akamwongoza mpaka sebuleni kabla hajatua mkoba. Akamweleza yote, tangu simu ya mwalimu Mhina mpaka ushauri wa mzee Semkiwa, tangu jina mpaka samadi. Mwanaheri alisimama na buibui lake mwilini, akamsikiliza hadi mwisho. Siku zote alimsikiliza hadi mwisho. Akapeleka kidole pale kikonyo kilipokuwa. Palikuwa na jeraha dogo lililokwisha kukauka. Ndipo akamgeukia mumewe, bila ukali wowote.

"Baba Shufaa, umeuliza Muheza nzima. Mbona hukuniuliza mimi?"

Mbaruku alieleza kwamba alitaka kumfurahisha, na ilikuwa kweli. Mwanaheri akamshukuru kwa chungu. Akavua buibui, akafagia vipande vilivyobaki chini ya dirisha, akapika. Hapakuwa na ugomvi siku hiyo wala siku nyingine. Ingekuwa heri kungekuwa na ugomvi.

Toka hapo Mwanaheri hakubadilika kwa jambo lolote ambalo jirani angeliona. Alimwamkia mumewe, alimpikia, alimkandia miguu ikivimba kwa kusimama. Ila alikuwa hasimulii tena. Mbaruku akiuliza habari za mchana, alijibu ni njema. Akidakia neno, lilikuwa neno la mwisho hata hivyo. Ilichukua muda mrefu Mbaruku kuligundua hilo, kwa kuwa yeye aliendelea kuongea, nyumba haikuwa kimya. Kibandani alijisifu kwamba amejaliwa mke asiye na maneno. Lile ua nalo lilipukutisha majani kwa kuzidiwa na maji, likanusurika kwa sababu Mwanaheri, kimyakimya, aliacha kulimwagilia, likaota majani mapya. Halikuchanua. Mwaka ukapita, ukaja mwingine, ukapita.

Siku moja, wote wawili wakiwa na mvi, Mbaruku alikwenda Pangani peke yake kumpeleka Hadia zawadi ya mtoto wake aliyekuwa anaanza shule. Alipobisha hodi jioni, alikutana na harufu. Dirisha la Hadia lilikuwa limejaa vishada kutoka juu hadi chini. Mbaruku akasimama pale mlangoni, kisha akamwuliza shemeji yake inakuwaje lake lisichanue, na mama yao ni mmoja. Hadia alidhani mambo haya yalikwisha kuzungumzwa huko Muheza zamani, akajibu kwa utani kama shemeji anavyojibiwa, kwani si yeye mwenyewe aliyelinyoa? Akamwonyesha kikonyo kilivyo, na alama za maua ya miaka iliyopita. Akaendelea kusema, angali akitabasamu, jinsi dada yake alivyokuwa amelingoja lichanue ili amwambie mumewe maneno ya mwisho ya mama. Akamwuliza kama hatimaye alimwambia, maana hata yeye Hadia, aliye mtoto wa mama yule, hakuwahi kuambiwa. Hapo akauona uso wa Mbaruku, akamvutia kiti.

Mbaruku hakulala Pangani. Alisafiri usiku, na alipofika nyumbani asubuhi alimkuta Mwanaheri anachambua mchele barazani. Akaketi chini, ubavuni pake, akamwomba msamaha kwa ajili ya kikonyo. Kisha akamwuliza mama alisema nini. Akafunga kinywa chake akangoja. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yao. Alingoja mpaka mchele wote ukahama kutoka upande mmoja wa ungo hadi upande wa pili. Mwanaheri alimtazama kwa huruma nyingi. Akamwambia kwamba ni mambo ya zamani, amesahau, na kama atapenda atamchemshia chai.

Msiniulize mimi mama yule alisema nini. Sijui, wala hakuna anayejua. Lakini siamini kwamba Mwanaheri alisahau. Mtu hasahau neno la namna hiyo. Naamini alilitafuta, akalikuta mahali lilipokuwa, akaona kwamba ile njia ya kulitolea imefungwa siku nyingi, na yeye mwenyewe amezoea kukaa nalo. Mbaruku alilia, mwanamume mtu mzima, pale barazani, watu wakipita. Mwanaheri akamfuta uso kwa upindo wa kanga yake. Hilo nalo lilikuwa pendo, ila halikuwa lile alilomwandalia kahawa na mkeka.

Leo Mbaruku anamwuliza mkewe kila siku. Anamwuliza ameota nini, wimbo anaouimba jikoni kajifunza kwa nani, kwa nini hapendi kukaa upande ule wa baraza. Akishauliza, ananyamaza. Mwanaheri anamjibu kwa upole na kwa ufupi, kama mtu anavyomjibu mgeni aliyekuja na heshima zake. Siku moja moja anaongeza sentensi. Mbaruku huzipokea sentensi hizo bila kudakia, naye anajua umri wake, na anajua kwamba yote aliyokwisha kuyakata hatayasikia.

Nanyi mmenisikiliza mkijisemea kwamba kwenu hakuna mkasi. Hakuna anayemmwagia maji mwenzake aliyeshiba, hakuna anayempanulia mtu nafasi asiyoiomba, akaliita hilo kumtunza. Haya, nitaamini. Lakini kila mmoja wenu ana mtu anayemngoja nyumbani jioni hii, na mtu huyo ana neno. Nawauliza jambo moja, mnijibu huko huko majumbani mwenu: ni lini mara ya mwisho ulipomwuliza mtu wako kitu ambacho hukuwa na jibu lake tayari, ukanyamaza mpaka akamaliza?